Eneobunge la Bonde la Ufa lilikuwa la nani, Blundell au Moi?

"Babu yangu alizaliwa na kukulia kwenye shamba la mzungu karibu na Njoro, ambako baba yake alikuwa skwota. Hadi anafariki alikuwa akituambia kwamba mtu wetu wa Legko, bunge la wakati wa ukoloni, alikuwa Blundell, setla wa Kizungu. Mjomba wangu hukasirika akisikia hivyo. Anasema mwakilishi wa Bonde la Ufa miaka ya 50 alikuwa Moi, na kwamba babu alikuwa ameshikwa akili na masetla. Nilipotafuta mwenyewe nikazidi kuchanganyikiwa: Delamere aliwakilisha Bonde la Ufa mwaka 1920, Blundell aliliwakilisha mwaka 1957, na Moi naye aliliwakilisha mwaka huohuo wa 1957. Inawezekanaje? Eneobunge hilo lilifutwa lini, na leo ni lipi? Na je, mipaka yake ya zamani inaweza kutusaidia kudai pale walipozikwa wazee wetu?"

Ndugu yangu, nianze kwa kuwapatanisha babu na mjomba, maana hakuna aliyesema uongo. Mwaka 1957 kulikuwa na maeneobunge mawili yenye jina la Bonde la Ufa, yote juu ya udongo uleule, kila moja na mjumbe wake. Blundell alikuwa wa moja, Moi wa jingine. Hukukosea kusoma tarehe. Tatizo ni kwamba unayatazama mambo ya wakati ule kwa jicho la mtu aliyezoea eneobunge la leo.

Leo eneobunge ni ardhi. Mpaka ukishachorwa, kila mtu mzima aliyejiandikisha ndani yake anapiga kura moja, awe mwenye shamba au mchuma chai, na wote wanapata mbunge mmoja. Wakati wa ukoloni eneobunge lilikuwa kwanza orodha ya majina, na ardhi ilikuja nyuma yake. Setla wa Njoro alikuwa kwenye sajili ya Wazungu. Mhindi mwenye duka pale Nakuru alikuwa kwenye sajili ya Wahindi. Mwarabu alikuwa na yake. Baba wa babu yako, aliyekuwa akilima na kuchunga kwenye shamba lilelile, hakuwa kwenye sajili yoyote. Fikiria shuka kadhaa zilizotandikwa juu ya kitanda kimoja: kila shuka ina wenyewe, na kwa miaka 37 ya kwanza shuka ya Mwafrika haikuwapo kabisa.

Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wazee waliliita Legko, lilikutana mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907. Wajumbe wote waliteuliwa, na miongoni mwa masetla wa kwanza kuteuliwa alikuwa Lord Delamere. Kwa kuwa familia yenu ni ya Njoro, mtu huyu anawahusu moja kwa moja. Alipewa eka 100,000 hapo Njoro kwa mkataba wa miaka 99, akaleta kondoo wakafa kwa sababu majani ya pale yalikosa madini, akaleta ng'ombe wakapigwa na magonjwa, akapanda ngano ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Baadaye alihamia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita. Kila jaribio lilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya watu kama baba wa babu yako. Mwaka 1918 sheria ya vibarua wakaazi iliweka kwamba skwota lazima amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa, kulima kipande chake na kuchunga mifugo yake. Nakuomba uikumbuke namba hiyo, kwa sababu sheria ya namna hii ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa ndani ya Baraza na watu waliochaguliwa na upande mmoja tu.

Mwaka 1919 Wazungu walipewa haki ya kuchagua, wanaume kwa wanawake. Mwanzoni mwa 1920 wakapiga kura katika maeneobunge 11 ya nchi nzima. Bonde la Ufa lilikuwa mojawapo ya yale ya mashambani, na Delamere akalichukua, akakaa nalo hadi alipofariki Novemba 1931. Sasa tazama ukubwa wa watu waliokuwa nyuma ya viti hivyo. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu 9,651 katika koloni lote. Hata ukiweka watoto wachanga ndani ya hesabu, ni wastani wa watu wasiofika 900 kwa kila kiti. Kwenye maeneo ya mashamba, mjumbe aliweza kuwajua wapiga kura wake karibu wote kwa majina, kwa farasi zao na kwa madeni yao ya benki.

Utaniuliza kwa nini basi wasingepiga kura pamoja, kila jamii kwenye sajili moja. Jibu liko kwenye sensa hiyohiyo: Wahindi walikuwa 22,822, zaidi ya mara mbili ya Wazungu. Wahindi waliomba sajili ya pamoja, na masetla waliielewa hesabu hiyo vizuri sana. Walipofika 1922 na 1923 baadhi yao walikuwa wakipanga kuasi na kumteka nyara Gavana ili jambo hilo lisipite. Serikali ya London ikatoa waraka wa Devonshire, Julai 1923. Wengi hukumbuka sentensi moja tu ya waraka huo, kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia. Kwa swali lako sehemu nyingine ndiyo yenye uzito: sajili zikabaki mbalimbali. Wazungu 11 wa kuchaguliwa, Wahindi 5, Mwarabu 1, na kwa ajili ya Waafrika, mamilioni ya watu, mmisionari mmoja wa kuteuliwa. Wa kwanza alikuwa Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti kule Kikuyu. Mwafrika mwenyewe hakukanyaga Baraza hilo kama mjumbe hadi Oktoba 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu, mtu mmoja kwa nchi nzima.

Kwa hiyo kuanzia 1920 hadi miaka ya 50, mtu akisema "mjumbe wa Bonde la Ufa" alikuwa akimtaja mjumbe wa masetla. Mwaka 1948 kiti hicho kilimwendea Michael Blundell. Alikuwa amefika Kenya mwaka 1925 akiwa kijana wa miaka 18 kuja kujifunza ukulima, na wakati wa vita aliongoza kikosi cha askari Waluo, akajifunza na lugha yao. Ndiye Blundell wa babu yako.

Shuka ya Waafrika ilitandikwa Machi 1957. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima: Mboya Nairobi, Odinga Nyanza ya Kati, Oguda Nyanza ya Kusini, Muliro Nyanza ya Kaskazini, Ngala Pwani, Muimi kwa Wakamba, Mate Mkoa wa Kati, na Daniel arap Moi Bonde la Ufa. Moi alikuwa mwalimu kutoka Baringo, na alikuwa tayari ndani ya Baraza tangu 1955, alipoteuliwa kujaza nafasi ya John ole Tameno. Tofauti ni kwamba safari hii alipigiwa kura. Hapo mjomba wako yuko sahihi kabisa. Usidhani tu kwamba Bonde la Ufa la Moi na la Blundell yalilingana ukubwa. La Blundell lilizunguka mashamba ya upande wa Nakuru, maana masetla wa Trans Nzoia na Uasin Gishu walikuwa na viti vyao wenyewe. La Moi lilikuwa pana mno, likibeba mashamba hayo pamoja na maeneo ya wenyeji mbali kuelekea kaskazini.

Na hata kwenye kura ya 1957 si kila Mwafrika mtu mzima aliyepiga. Walioandikishwa ni wale waliotimiza masharti ya elimu, kipato, mali au utumishi, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Ukiwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru ulihitaji pia cheti cha uaminifu, kwa kuwa Hali ya Hatari, ile ya wakati wa Mau Mau, ilikuwa bado haijaondolewa. Hukuniambia ninyi ni watu wa wapi asili yenu, na hapa ndipo tofauti ilipo. Kama ni Wakikuyu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ukoo wenu ulikuwa kati ya maelfu waliotolewa mashambani Bonde la Ufa mwaka 1953 na kurudishwa Mkoa wa Kati kwa malori na garimoshi. Katika hali hiyo mwaka 1957 babu hakuwa na Moi wala Blundell. Kama ni Wakalenjin, Waluhya au Waluo, huenda mlibaki shambani, na kama babu alikuwa na masomo au kipato cha kutosha huenda alimpigia Moi au mpinzani wake. Skwota wa kawaida, ambaye mshahara wake ulikuwa shilingi chache na sehemu ya ujira wake ikiwa ni ruhusa ya kulima, hakutimiza masharti.

Mpaka hapa inaonekana kama mjomba anashinda. Sasa sikia habari ya 1961, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa kichwani mwa babu.

Januari na Februari 1960 viongozi wa Kenya walikutana Lancaster House, London. Blundell aliongoza kundi la Wazungu waliokubali kwamba Waafrika watakuwa wengi Barazani. Aliporudi, uwanja wa ndege wa Nairobi ulikuwa umejaa masetla wenye hasira, na mmoja wao akamrushia miguuni mfuko wenye vipande 30 vya fedha. Kila aliyekuwapo alijua maana yake ni Yuda.

Mpangilio mpya wa viti ulikuwa hivi: viti 33 vya wazi, na viti 20 vilivyotengwa kwa jamii ndogo, 10 kati ya hivyo vya Wazungu. Lakini kiti kilichotengwa hakikupatikana kama zamani. Mgombea Mzungu alianza kwa mchujo ndani ya Wazungu wenzake, na ilimlazimu apate angalau robo ya kura zao. Akishavuka hapo, aliyeamua mshindi ni sajili ya pamoja, yaani watu wote walioandikishwa eneo hilo, wengi wao Waafrika. Na masharti ya kujiandikisha yalikuwa yamelegezwa sana: kujua kusoma na kuandika lugha yako kulitosha, au kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40.

Bonde la Ufa ndilo lililokuwa na mpambano mkali kuliko yote. Dhidi ya Blundell alisimama Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, aliyekuwa ameacha uspika wa Baraza ili awaongoze masetla waliokataa makubaliano ya London. Kwenye mchujo Wazungu walio wengi walimpa Cavendish-Bentinck. Blundell aliponea chupuchupu, akaivuka ile robo kwa kura chache. Halafu ikaja kura ya watu wote, na Cavendish-Bentinck akaangushwa vibaya mno. Masetla wa Njoro, Molo na Nakuru, waliokuwa wamezoea tangu 1920 kujichagulia mtu wao wakiwa peke yao, walipelekewa mjumbe aliyechaguliwa na vibarua wao.

Nirudie hilo kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kama babu yako alikuwa Njoro mwaka huo, alijua kusoma au alikuwa amevuka miaka 40, basi huenda alisimama kwenye foleni na akampigia Blundell kura kwa mkono wake mwenyewe. Na siku hiyohiyo angekuwa amepiga kura nyingine ya kiti cha wazi, kile ambacho Mwafrika aligombea na Mwafrika. Moi mwaka huo hakugombea Bonde la Ufa tena. Alichukua kiti cha Baringo. Kwa mtu aliyekuwa Njoro, "Blundell ndiye mtu wetu wa Legko" ni maneno sahihi kabisa kwa kipindi cha 1961 hadi 1963. Mimi nisingemwita mzee huyo mtu aliyeshikwa akili. Ningetaka sana kujua kama aliwahi kusimulia siku ile ya kura.

Kuhusu kufutwa kwake, watu wengi hudhani viti vya masetla viliondoka usiku wa Desemba 12, 1963, bendera iliposhuka. Hapana. Vilikuwa vimekwisha miezi kadhaa kabla. Uchaguzi wa 1961 ndio uliovunja uti wa mgongo, na katiba ya 1963 ikavifuta vyenyewe. Uchaguzi wa Mei 1963 ulifanywa katika maeneobunge mapya 117 ya Baraza la Wawakilishi, kila mtu mzima kura moja, sajili moja, bila kutaja rangi. Kwa sensa ya 1962, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 8.6, huo ni wastani wa watu wapatao 74,000 kwa kiti. Linganisha na wale 900 wa Delamere. Blundell hakugombea tena, akaacha siasa, lakini hakuondoka Kenya, na alifariki mwaka 1993. Humphrey Slade, mjumbe wa masetla wa Aberdare, yeye akawa Spika wa Baraza hilo jipya. Nalitaja kwa sababu huonyesha kwamba watu waliendelea, viti havikuendelea.

Ndiyo maana siwezi kukupa jina la eneobunge moja la leo na kusema hili ndilo mrithi. Eneobunge likigawanywa, mrithi hupatikana, kama Molo ilivyomegwa na Njoro ikawa na mbunge wake kuanzia uchaguzi wa 2013. Lakini Bonde la Ufa la 1920 halikugawanywa. Sajili iliyolibeba ilifutwa, na baadaye watu wakachora upya juu ya ardhi tupu. Ukitaka tu kujua mashamba yale yamo wapi leo, yako ndani ya Kaunti ya Nakuru kwa sehemu kubwa: Njoro, Molo, Rongai, Subukia, Bahati, Gilgil na majirani zao. Kaunti hiyo moja sasa ina maeneobunge 11, idadi ileile waliyokuwa nayo Wazungu wa nchi nzima mwaka 1920.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, na nimelichelewesha kwa makusudi kwa sababu naona ndilo linalokuuma. Mipaka ya eneobunge la zamani haitakusaidia kudai ardhi. Mpaka wa kura haukumpa mtu yeyote haki ya udongo, hata setla mwenyewe. Yeye alikuwa na hati yake ya kukodishwa, mbali na kura yake. Ukienda kortini na ramani ya eneobunge la Bonde la Ufa, wakili wa upande wa pili ataiondoa mezani kwa dakika moja, na utakuwa umepoteza ada. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu nimeona familia zikikusanya pesa za kununua ramani za namna hii kutoka kwa watu wanaojiita madalali wa nyaraka. Tafadhali msinunue.

Kinachoweza kuwa na uzito ni karatasi za shamba lenyewe na za wazee wenu: namba ya shamba, jina la mwenye hati, mkataba wa skwota kama ulitunzwa, kipande cha babu (kile kitambulisho cha kikoloni), kadi ya mshahara, cheti cha ubatizo kinachotaja shamba, na mashahidi wanaojua makaburi yalipo. Kuhusu njia ya kisheria, zipo mbili zinazohitaji mtu wa kukaa nawe ana kwa ana. Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi ilifungua mlango wa madai ya dhuluma za kihistoria, lakini iliuwekea muda maalumu, kwa hiyo muone wakili wa ardhi kwanza akwambie mlango huo umesimamaje leo. Na kama mnachotaka hasa ni kuyafikia makaburi na kuyatunza, hilo ni ombi tofauti na la umiliki. Wakati mwingine hupatikana kwa mazungumzo na mwenye ardhi wa sasa mbele ya chifu au wazee wa eneo, bila kesi. Nendeni na mzee anayeheshimika, msiende na vijana peke yao.

Kwa upande wa historia ya babu, kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe. Nenda Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue, Nairobi. Omba Gazeti Rasmi la koloni la miaka ya uchaguzi. Sajili za Wazungu zilichapishwa humo, kwa jina, kazi na anwani, na ukizipitia utaliona jina la setla aliyekuwa na shamba la kina babu, labda limeandikwa "mkulima, Njoro". Hilo litakupa mwenye shamba na mwaka, na kutoka hapo faili za wilaya ya Nakuru zinakuwa rahisi kutafutwa. Omba pia kumbukumbu za mijadala ya Baraza, usome Delamere na Blundell wakizungumzia vibarua wakaazi. Utakuwa ukisoma habari za watu wa kwenu kwa maneno ya watu ambao hawakuhitaji kura yao.

Lakini kabla hujapanda matatu kwenda Nairobi, kama nyanya bado yu hai, keti naye. Usimuulize habari za Blundell wala Moi. Muulize Februari 1961 walikuwa wakiishi shamba gani, babu aliondoka saa ngapi siku ya kura, na alirudi na nini mkononi.